Beji Iliyokwenda Likizo

Ogola ni mtu wa maringo, tusifichane. Likizo ilipofika, wachimbaji wenzake waliacha mgodini zile beji za kupima mionzi. Yeye alirudi mtaani kwake Huruma na yake kifuani, majirani wajue kazi anayofanya chini ya ardhi si ya mchezo. Akivua shati, aliitundika kwenye msumari juu ya kitanda.

Sasa beji imesomwa, na lo! Mionzi ya siku za likizo imeipita ile ya mgodini. Marion, anayewapima wachimbaji, hata hakumgombeza. Alichukua mashine yake akamwambia, "Twende kwako." Hapo Ogola akaingiwa na hofu, maana nyumbani yuko mkewe Apondi, na Apondi ana mimba ya miezi saba, ya kwanza, baada ya miaka ya kuombewa kila Jumapili.

"Ni buti tu, Madam," alijitetea walipofika mlangoni. "Zimejaa vumbi la huko chini."

Marion alipima buti. Mashine ikalia tik moja, ikanyamaza. Akapima ovaroli, akapima ukuta. Kimya. Ogola akaanza hata kutabasamu, mjinga yule.

"Mama, hebu simama kidogo."

Apondi aliinuka kitandani taratibu, mkono kiunoni. Marion akainama, akaingiza mashine uvunguni. Salale! Ililia mfululizo kama bisi zinazopasuka kwenye sufuria. Kila mguu wa kitanda ulikuwa umekalia jiwe jeusi, bapa, zito.

"Haya mawe yametoka wapi?"

Apondi ndiye aliyejibu, tena kwa fahari, maskini, maana hakuwa ameelewa kitu.

"Aliyabeba kutoka kazini, moja moja, kwa mkoba. Kitanda kilikuwa chini sana, nikiamka mgongo unaniua. Huyu bwana ananijali, Madam. Wanawake wa plot hii wote wananionea wivu."

"Yamekaa hapa tangu lini?"

"Tangu nilipomwambia nina mimba."

Marion alizima mashine. "Toka nje, Mama. Sasa hivi. Usibebe chochote."

Apondi hakutoka. Alimwangalia Marion usoni, kisha akamgeukia mumewe, ambaye alikuwa amejiegemeza mlangoni. Mikono ya Apondi ikashuka polepole ikalizunguka tumbo.

"Ogola," alisema, "umetulaza juu ya nini?"