Barua ya Bwana Yake

Barua ile niliiomba mimi. Ninalisema hili mapema, usije ukafika katikati ya habari hii ukaanza kunitafutia udhuru. Mezani tulikuwa na wanaume watatu, kila mmoja na ujinga wake, lakini wazo lile halikutoka kinywani mwa hata mmoja wao. Lilitoka kwangu, Florentine, mwanamke pekee aliyeandika programu za kompyuta katika ofisi yetu ya mtaa wa Kilibula na, kwa jinsi nilivyopenda kujisifu, katika mji mzima wa Uvira.

Ofisi yenyewe ni vyumba viwili juu ya duka la dawa. Kizito ndiye mwenye ofisi, Bruno anashughulika na mashine na nyaya, Ndayiragije anazunguka kwa wateja, mimi naandika. Kazi yetu kubwa ni programu ya chanjo. Vituo vya afya vya bonde la Ruzizi huandikisha watoto humo, na siku ya sindano inayofuata ikikaribia programu inamwambia muuguzi amwite mtoto fulani. Niliiandika yote mwenyewe, nikiwa na mimba ya pili, na baada ya kujifungua nilirudi kazini mshono haujakauka. Mgeni akija, Kizito hunitambulisha kwa maneno yaleyale: "Huyu usimuone vile. Huyu ni mwanaume." Wote wanacheka, nami nacheka. Nimecheka miaka tisa. Na kwa kuwa leo sina faida ya kudanganya, nitasema pia kwamba nilipenda.

Kazi ilipozidi tukatangaza nafasi moja. Chini ya tangazo Kizito aliandika, kama wanavyoandika wote huku kwetu, kwamba wanawake wanahimizwa sana kuomba. Wakaomba watu thelathini na mmoja, tukawaita sita kwenye mtihani. Mwanamke alikuwa mmoja.

Aliitwa Amandine, binti wa miaka ishirini na sita, mke wa mkulima wa Katogota. Alikuwa amesomea kompyuta Bukavu kabla ya kuolewa. Alikuja kwenye mtihani siku ya Jumanne akiwa na vumbi la barabara hadi kwenye nyusi, akaketi nyuma ya vijana watano wa mjini waliovaa mashati ya kunyooshwa. Hakuna aliyemsogezea kiti. Hata mimi sikumsogezea.

Mtihani niliutunga mwenyewe. Niliwapa kipande cha programu ya chanjo, nikiwa nimeficha makosa matatu ndani yake, wayatafute na kuyatengeneza. Kijana mmoja, Luc, alimaliza wa kwanza akiwa ameyapata yote matatu, akaanza kuchezea simu yake. Amandine alikuwa bado ameinama. Baadaye akainua mkono.

"Mama, iko lingine. La ine."

"Nimeficha matatu tu," nikamwambia.

"Hili halikufichwa, mama. Liko tu."

Nikacheka kidogo, kile kicheko cha mtu mkubwa, nikaenda nyuma kuona. Akanionyesha kwa kidole. Kwao kituo kinatumia sola, akasema. Muuguzi anaandika mtoto, betri inaisha, mashine inazimika. Ikiwaka tena muuguzi haoni kama jina liliingia, basi anaandika mara ya pili. "Sasa mashine inasema mutoto alishapata sindano mbili, na alipata moja. Haitamuita tena. Minye najua juu ilifika ku mutoto wangu."

Programu ile ilikuwa na miaka mitano. Watoto wangapi wa Sange, wa Luberizi, wa Katogota, hawakuitwa? Hilo ndilo lingepaswa kunijia kwanza. Lililonijia kwanza ni kwamba Kizito alikuwa amesimama nyuma yangu, na amesikia.

Amandine akaandika mistari kumi na saba ya kuzuia jina lisiingie mara mbili na kufuta marudio ya zamani. Tukajaribu kuzima mashine katikati ya kazi mara nne, na mara zote nne mtoto aliandikwa mara moja tu. Kizito akapiga makofi. "Mama Florentine, leo umepata mwalimu!" Bruno na Ndayiragije wakacheka hadi machozi. Nami nikacheka, maana nina mazoea.

Wale sita wakatoka nje kungoja, sisi wanne tukafunga mlango.

"Huyu mwanamuke iko na akili," akasema Bruno, "lakini iko na bwana, na iko na mutoto wa maziwa. Mwaka kesho mimba ingine. Tutakuwa tunamungoja."

"Wacha mambo yako," Kizito akamjibu. "Minye ninamutaka yeye. Luc ni wa pili."

Hapo ndipo ningeweza kunyamaza tu, na Amandine angepata kazi. Sikuhitaji hata ushujaa. Au ningemuuliza Bruno: mimi nimezaa mara mbili katika ofisi hii, programu ilikufa lini? Niliyaona maneno hayo, yalikuwa tayari. Badala yake nikasema, kwa sauti ya mtu mwenye busara:

"Basi tumuombe barua ya ruhusa ya bwana yake."

Kizito akanitazama. "Ile sheria si waliiondoa?"

"Sheria iko Kinshasa," nikasema. "Bwana yake iko Katogota."

Wakacheka sana. Bruno alipiga meza. Ndayiragije akasema, "Mwanaume amesema," na mambo yakaisha hivyo.

Sheria iliondolewa kweli, mwaka 2016. Tangu hapo mwanamke aliyeolewa hahitaji karatasi ya mumewe ili aajiriwe. Nani angejua kuliko mimi? Mwaka 2011 shirika moja lilinipa kazi yangu ya kwanza na kuniomba barua hiyo. Mume wangu si mtu mbaya. Hakukataa, alisema atafikiri. Akafikiri wiki tano. Kila asubuhi nilimwekea kalamu na karatasi karibu na chai, na kila jioni niliviondoa vikiwa safi. Alipoandika, aliandika sentensi mbili, na nafasi ilikuwa imeshachukuliwa. Nililia chooni ili mama mkwe asinisikie. Wanasema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mimi niliumwa, nikajifunza kuuma.

Na usiniletee ule msemo kwamba adui wa mwanamke ni mwanamke. Unaniudhi, tena unawafaa sana akina Bruno. Amandine hakuwa adui yangu. Mle ndani mlikuwa na kiti kimoja cha mwanamke, nami nilikuwa nimekikalia miaka tisa nikidhani ni kiti cha enzi. Nilipomwona binti yule na mistari yake kumi na saba sikuwaza kwamba kinaweza kuongezwa kiti cha pili. Nilishika changu kwa mikono miwili.

Nikajitolea kumpelekea habari mwenyewe. Nilimkuta kwenye ngazi.

"Umefanya vizuri sana, mudogo wangu," nikamwambia. "Lakini wanataka barua ya ruhusa ya bwana yako. Mwisho ni Ijumaa saa sita."

Nilisema wanataka. Sikusema nataka. Uso wake ulishuka, kisha akaunyanyua kwa nguvu. "Gratien atakubali," akasema. "Tatizo ni baba mukwe. Kwetu barua kama hiyo haiandikwe na bwana peke yake." Akanishukuru, akateremka ngazi mbili mbili kwenda kutafuta gari la kwenda Katogota.

Ijumaa saa nne simu yangu ikalia. Alikuwa yeye, na upepo ulikuwa ukivuma kwenye simu.

"Mama, barua iko karibu. Gratien ameshaandika. Baba mukwe amesafiri, anarudi Jumapili, ndiye anabakia kutia kidole. Uniombee kwao waningoje mpaka Jumatatu asubuhi. Minye nakuomba, mama."

"Nitawaambia," nikajibu.

Kizito alikuwa hatua tatu kutoka nilipoketi, akila karanga. Nakumbuka alikuwa akizitoa maganda na kuyapanga ukingoni mwa meza. Kizito si mtu wa haraka, angengoja hadi Jumatatu bila hata kuuliza sababu. Nilitazama skrini yangu. Saa sita ikafika, ikapita. Saa saba akaniuliza, "Yule wa Katogota ametuma kitu?"

"Hapana," nikasema. Kuhusu barua, ilikuwa kweli. Nilijishikilia kwenye ukweli huo mdogo mwisho wa juma lote.

Jumamosi Luc alikuja kutia saini. Mchana huohuo nikaingiza ile mistari kumi na saba katika programu na kuituma kwenye vituo vyote. Pale ambapo mwandishi huweka jina lake, liliwekwa jina langu. Sikuliweka mimi, mashine huliweka yenyewe. Lakini sikulifuta. Jumatatu mapema muuguzi wa Katogota akatuandikia kwamba watoto tisa waliokuwa hawaitwi sasa wameitwa. Kizito alisoma ujumbe kwa sauti. Luc, mtoto wa watu asiye na kosa lolote, alinipongeza.

Saa tatu mlinzi wa duka la dawa akanipigia kelele kutoka chini: kuna mgeni wangu.

Amandine alikuwa ameketi kwenye ngazi ya mwisho, begi kubwa miguuni. Mtu anayekuja kuuliza habari habebi begi la namna ile. Alikuja kukaa. Akasimama, akanipa barua kwa mikono miwili. Karatasi ya daftari, mwandiko wa Gratien uliolala upande mmoja, chini kidole cha baba mkwe kwa wino wa buluu, na muhuri wa chifu wa kijiji, ambao hata sisi hatukuuomba.

"Baba mukwe amekubali, mama! Kabla ya kusafiri alitaka tu nimuache mutoto kwa mama mukwe. Alisema kazi ya Uvira na mutoto wa maziwa haviende pamoja." Alikuwa akiongea haraka, macho mekundu, akitabasamu. "Basi tangu Ijumaa nimemuachisha. Nilipaka majani machungu. Amelia siku mbili, mama. Jana alichoka, akanyamaza."

"Iko na miezi ngapi?" nikauliza, kana kwamba ndilo la kuulizwa.

"Kumi na ine."

Nilizungusha barua mikononi. Niliisoma tena, nikitumaini iwe na kasoro fulani. Haikuwa nayo.

"Amandine, nafasi imechukuliwa. Wamemuchukua Luc. Tangu Jumamosi."

Wamemchukua. Hata hapo ulimi wangu ulijua pa kujificha.

Hakupiga kelele. Afadhali angenitukana, ningejua la kujibu, nina ulimi mkali. Alitazama begi lake, akatazama barabara, kisha akaanza kunifariji. Naapa, mimi ndiye niliyefarijiwa.

"Si kitu, mama. Najua weye uliwaambia waningoje. Mwanamuke mumoja katikati ya wanaume, ungefanya nini zaidi? Hata hiyo barua, najua ni wao. Asante kwa kunisemea. Kwetu nitasema hivyo: kule iko mama mumoja, alinitetea."

Maneno mawili tu yalihitajika: ni mimi. Ningeyasema angeniacha nikiwa nimelaaniwa na yeye akiwa na haki yake. Angepanda ngazi, angemwonyesha Kizito barua, pengine Kizito angepasua meza kwa hasira na kumtafutia kiti. Kizito ni mtu wa namna hiyo. Nilijua hivyo nikiwa nimesimama pale. Nilifungua mdomo. Juu nilimsikia Bruno akicheka jambo fulani, na kiti changu kikikwaruza sakafu, mtu akikisogeza.

Nikaufunga.

"Mukiwa na nafasi ingine, utanikumbuka?" akauliza.

"Nitakukumbuka," nikasema.

Akanikumbatia. Alinibana kweli, kama watu wanavyowabana dada zao, na nikahisi unyevu wa moto ukipenya kitenge chake na kuingia katika blauzi yangu. Maziwa yalikuwa yakimtoka. Alipoachia aliona doa kubwa kifuani pangu, akaziba mdomo kwa aibu, akaanza kulifuta kwa ncha ya kitambaa chake huku akiniomba msamaha, mara mbili, mara tatu. Nami nikamwambia nimemsamehe.