Dali ya Mzee Kanti

Mzee Kanti alipoacha kula, nilimtania: "Mzee, au unapunguza mwili uoe tena?"

Alicheka kidogo, akakohoa sana. "Mpumbavu wewe, Beatus. Nataka dali ya marehemu mke wangu. Nionje tu, halafu niende."

Nilikuwa nimefanya kazi kwenye mashine yake ya mpunga hapa Ifakara tangu nimalize fomu foo. Watoto wake wako Kanada, kwa hiyo kumuuguza kuliniangukia mimi. Dali ni mchuzi wa mbaazi zilizokobolewa. Nikasema, kazi ndogo hii, Mhindi ni Mhindi! Nikadandia baiskeli hadi misheni, kwa sista anayetoka India.

"Tumsifu Yesu Kristo, Sista. Mhindi mwenzako amezidiwa, anataka dali."

Sista ni wa Kerala, kusini mwa India. Akatia nazi, ukwaju na pilipili za kutosha kuamsha maiti. Nikarudi na sufuria kwa mbwembwe.

Mzee akaonja kijiko kimoja. "Nzuri sana," akasema. "Mshukuru Sista." Kisha akageukia ukutani.

"Mzee, umeshiba kijiko kimoja?"

"Hii ni ya kusini, Beatus. Ya kwetu Gujarati anaijua mama yako."

Mama yangu, Verediana, alipika na yule bibi, mke wa Mzee, miaka kumi na tisa, na mimi sikumkumbuka! Alikuwa amehamia shamba, Mngeta, kuamia ndege mpunga usiishe. Simu huko haishiki. Kesho yake alfajiri nikaondoka.

Nilimkuta juu ya dungu, anapiga debe kufukuza ndege. Nikamweleza.

"Nazi?" akashuka. "Bibi alitia sukari guru na limau! Wewe Mpogoro, ukiwa kitandani hoi, nikuletee michembe, viazi vikavu vya Wasukuma, utasema umekula kwenu?"

"Kwa njaa hii, Mama, ningesema."

Hakucheka. Aliwaachia ndege mpunga, tukaondoka.

Tulipofika, majirani walikuwa wameshakaa mkekani. Mzee alifariki saa nne asubuhi.

Mama alisimama jikoni kwa yule bibi, mfuko wa sukari guru mkononi. "Alipoonja ya Sista alisemaje?"

"Alisema nzuri sana."

Mama akakaa chini sakafuni. "Basi alikuwa ameshakata tamaa, mwanangu. Mke wake alimpikia miaka yote ile, na kila siku Mzee alimwambia chumvi imezidi."