Pua ya Mzee Bedan

Bedan Kahiga alivuta sigara miaka hamsini na miwili, na hakuna aliyewahi kumshinda kwa maneno. Daktari alipomwonya, alimjibu kwamba kitambi cha daktari mwenyewe kitamuua daktari mapema zaidi. Mchungaji akamwombea, Bedan akasema amina, akatoka nje kuwasha nyingine. Aliyemweza ni mkewe, Wamaitha. Huyo hakubishana. Alibeba mto wa mumewe akautupa kwenye kochi la sebuleni.

"Baba Kui, mimi sikuolewa na jiko ya makaa. Siku utaacha hiyo kitu, utarudi kitandani."

Kochi lenyewe fupi, na mzee ana miaka sabini na mitatu. Lakini kilichomuuma zaidi ya mgongo ni kukosa umbea. Miaka arobaini na mitano wawili hao walikuwa wakiusengenya mji mzima wa Kitengela kabla ya kusinzia.

Basi akaacha. Alitafuna njugu, akatafuna vijiti vya meno, akagombana na kuku. Baada ya miezi mitatu kikohozi kikamwacha, akawa anafika sokoni bila kusimama njiani na kusingizia kusalimia watu. Hata chai ikapata ladha. Jumapili moja, baada ya kanisa, Wamaitha akamrudishia mto wake.

Bedan alijilaza kitandani kwa maringo ya bwana harusi, mkewe kando yake. Akavuta pumzi. Akavuta tena. Pua iliyolala nusu karne ilikuwa imeamka, na ilichonusa ni tumbaku na magadi. Akaingiza mkono ndani ya foronya ya mkewe, akatoa kikopo cha ugoro.

"Mama Kui! Tangu lini?"

Wamaitha, mwenyekiti wa akina mama kanisani, alitazama dari. "Tangu mimba ya Kui. Lakini ugoro haina moshi."

"Na mimi nimelala kwa kochi miezi tatu!"

Mto wa Wamaitha ukaruka hadi sebuleni, na mwenyewe akaufuata.

Bedan akajinyoosha kitanda kizima. Baada ya dakika kumi akageuka kusimulia jinsi jirani yao Nduta alivyosinzia wakati wa mahubiri, wigi likaanguka. Hapakuwa na mtu. Upweke wa kochi ukamrudia palepale kitandani.

Akabeba mto wake hadi sebuleni.

"Songa."

"Tutatoshea aje hapa wawili?"

"Hatutoshei. Kwa hivyo acha ugoro haraka." Akajibana ukingoni, miguu ikining'inia. "Haya, uliona wigi ya Nduta?"