Gurudumu la Raphaël

Mume wangu Raphaël alipofariki, mama yake alifunga kitambaa cheusi kwenye kioo cha pembeni cha gari la mwanawe, aina ya jipu, akauchukua ufunguo, akasema gari halitaguswa mpaka tuondoe matanga. Katika ukoo wao ndivyo ilivyo: chombo cha marehemu nacho kinakaa kilioni. Shemeji yangu Guy aliomba angalau aliwashe na kulisogeza kidogo pale uani, akakataliwa. Basi jipu likakaa uani kwetu mjini Baraka msimu mzima wa mvua, na mimi nikakaa nalo. Sikulia. Watu walisema nina moyo wa nguvu. Moyo gani? Nilikuwa kama mkono uliolaliwa: unajua ni wako, lakini hausikii kitu.

Siku ya kuondoa matanga ilipofika, ilikuwa lazima nipande mlimani Fizi kwa wazee wa ukoo ndani ya jipu hilohilo. Huko wangefungua kitambaa, wangeninyoa nywele, na Guy angepewa gari liwe lake. Baada ya hapo nisingekuwa tena mke wa mtu. Kila mmoja alilifurahia jambo hilo kwa niaba yangu.

Guy akawasha, gari likagoma kusogea. Akakanyaga mafuta, likachomoka kwa mlio wa ubao unaopasuliwa. Majirani wakapiga vigelegele. Njiani lilikuwa zito, likivutia kushoto kila Guy alipolegeza usukani, na hatukufika mbali nikaanza kusikia harufu ya kuungua. Harufu ile naijua. Miaka yote Raphaël alipokuwa akipeleka abiria Lulimba, nilikaa kando yake, na gari likiharibika ni mimi niliyeingiza mkono pale ambapo wake ulikuwa mnene mno kupita. Nilijua ni etriye, kile chuma kinachobana diski ya gurudumu ukikanyaga breki. Ilikuwa imekamata kwa kutu na haitaki kuachia. Nikanyamaza.

Chini ya mlima wa Fizi gari likashindwa kupanda. Gurudumu la mbele kushoto lilikuwa linatoa moshi. Mama mkwe, aliyekaa nyuma amekumbatia beseni la unga wa muhogo wa karamu, akashuka, akalitazama, akasema kwa sauti ndogo:

"Ni Raphaël njo anaikamata. Hapendi tumumalizie kilio."

Maneno hayo yalinipendeza, sitaficha. Kama ni yeye anayeshika, basi bado yupo mahali fulani, na sisi turudi Baraka, nami niendelee kuwa mjane wake. Aliyejua habari ya kutu nilikuwa mimi peke yangu. Guy anajua kuendesha, tena kama mtu anayefukuzwa, lakini akifungua boneti huwa anaitazama injini kwa heshima tu, kisha anaifunga.

Ila mama mkwe hakurudi garini. Alipiga magoti vumbini mbele ya gurudumu, akaanza kuomba msamaha. Aliomba kwa ajili ya jeneza, kwamba mbao zake zilikuwa nyepesi. Aliomba kwa ajili ya siku aliyomchapa utotoni, kwa sababu ya samaki waliomwagika.

"Mutoto yangu, tulikukosea nini? Utuachilie."

Mwanamke wa umri ule, anaiomba radhi kutu. Nikasikia hasira, na hiyo ilikuwa kitu cha kwanza kukisikia tangu mazishi. Guy naye alikuwa amekwisha inua kidumu cha maji alimwagie gurudumu.

"Usitiye maji, shemeki," nikamwambia. "Diski itapasuka. Lete kriki."

Tukangoja lipoe. Tulipoliinua gari kwa kriki hiyo, yaani jeki, nikalisukuma gurudumu kwa mikono miwili, halikuzunguka. Tukalitoa, nikafungua etriye. Pistoni yake ilikuwa nzima, lakini pini mbili ambazo etriye inatelezea zilikuwa nyekundu kwa kutu, na moja ilikubali kutoka kwa nyundo tu. Nikazisugua kwa msasa wa Raphaël, uliokuwa bado chini ya kiti, umekunjwa kama alivyouacha. Nikazipaka grisi, nikairudisha pistoni ndani polepole, na Guy akakaza pale nilipomwonyesha. Tukarudisha gurudumu. Likiwa bado hewani, Guy akapiga breki mara kadhaa, akaachia.

Nikalisukuma kwa kidole. Likazunguka, likaendelea kuzunguka nikiwa nimekwisha ondoa mkono.

Mama mkwe akasogea. "Ameachilia?"

Ningeweza kusema ndiyo, ingekuwa zawadi kwetu sote wawili. Lakini jibu hilo lingemwambia kwamba mwanawe alikuwa amemkasirikia kweli.

"Hakukuwa muntu mule, mama. Ni kutu tu. Gari ilikaa sana bila kutembea."

Alilitazama gurudumu mpaka liliposimama lenyewe. Kisha akaniuliza kama nilijua tangu tulipotoka Baraka. Nikamwambia nilijua. Hakunigombeza. Alishika ncha ya kikwembe alichojifunga kiunoni, akaanza kunifuta grisi mikononi, kidole kimoja kimoja, na alipofika kwenye pete akaifuta nayo.

Hapo ndipo nilipolia, kwa sauti, barabarani, mbele ya pikipiki zilizokuwa zikipita. Raphaël hakuwa ameshika kitu. Guy akashusha kriki bila kututazama, na tulipopanda kwenda Fizi gari lilikuwa jepesi njia nzima.