Mkate Uliosimama Kifuani

"Meza sasa, mzee."

Nikameza. Nilikuwa nimesimama nimeegemea ubao wa baridi wa mashine, kikombe cha dawa nyeupe mkononi, nzito kama chokaa iliyokorogwa. Eksirei nilizozizoea zilikuwa picha zilizotulia. Hii ilitembea. Kwenye skrini dawa ilishuka kifuani mwangu nyeusi kama wino, ikapita bila kusita.

"Koo halina neno," alisema mpiga picha, mwanamke wa rika la binti yangu.

Ningepaswa kufurahi.

Miezi kumi na moja kabla ya siku hiyo, nyama ilinikwama mezani kwa binti yangu. Wajukuu waliacha kula wakanitazama. Nilipopata pumzi nikauona uso wa mama yao ulivyojaa hofu, na tangu hapo sikukanyaga tena kwake wakati wa chakula. Nilikula peke yangu nyuma ya duka langu la saa. Ufundi wa saa sikufundishwa na mtu, na kumeza nako nikajifunza hivyo hivyo: tonge dogo, bega la kushoto mbele, kidevu chini, funda la maji, hesabu hadi kumi.

Yule mpiga picha akatoka nyuma ya kioo na aproni yake nzito.

"Mbona unageuza bega kila ukimeza?"

"Mazoea."

"Mficha maradhi, mzee..."

"Kilio humfichua."

"Kumbe unaijua." Akachovya kipande cha mkate kwenye ile dawa. "Kula kama unavyokula mbele za watu."

"Sili mbele za watu."

Akanitazama kidogo. "Basi leo mimi ndiye watu."

Nikasimama wima, nikatafuna, nikameza bila ujanja wowote. Mkate ukashuka, ukafika chini ya kifua, ukasimama. Maumivu niliyajua. Nisichokuwa nimekijua ni mkono wa mtu mgongoni, umetulia tu, haupigi.

"Nauona," alisema. "Upo hapa. Pamebana. Tulia, utapita."

Ukapita.

Baadaye daktari alinieleza kuwa haikuwa saratani niliyoiogopa. Lilikuwa kovu, na alipapanua pale palipobana kwa siku mbili. Leo nakula nyama. Lakini nikiikumbuka asubuhi ile, daktari simkumbuki sana. Nakumbuka kwamba mahali nilipokuwa nimepajua peke yangu kwa karibu mwaka mzima, mtu mwingine alipaona.

"Nje kuna mtu wako?" yule mpiga picha aliniuliza asubuhi ile nikifunga vifungo vya shati.

"Hakuna."

Akanipa simu yangu kutoka kwenye kikapu cha vitu vyangu.

Nikampigia binti yangu nikiwa koridoni. Nikamweleza yote kwa mpangilio, tangu ile nyama hadi mkate.

"Baba," akasema, "mimi nilidhani nimekukosea, ndiyo maana huji tena kula kwangu."

Nikakaa kwenye benchi, dawa ikinikaukia midomoni, nikitafuta pa kuanzia.