Nafasi ya Papa Lambert

Asubuhi iliyofuata maziko yake, Papa Lambert, mfamasia pekee wa hospitali moja ya Likasi, alivaa koti lake jeupe akaenda kazini. Kucha zake zilikuwa bado na udongo wa makaburini, basi alinawa kwanza kabla ya kugusa dawa. Mtu safi yule. Hata kufa hakukumlegeza.

Kwenye dirisha la dawa alimkuta Georges, binamu wa mkurugenzi, fundi wa kuchomelea vyuma, aliyeshikizwa kazi hiyo, akitafuna karanga. Georges alikuwa akimpa mama mmoja vidonge vya kwinini vya mtu mzima, na mgonjwa ni mtoto wa kunyonya. Lambert alivichukua, akauliza uzito wa mtoto, akampimia dawa yake. Mtoto alipona. Georges alisogea kando na karanga zake.

Nyumbani kwao, mtaa wa Panda, moto wa kilio uliendelea kuwaka uani. Desturi yao ni kwamba hauzimwi mpaka marehemu atulie, na mjane halali kitandani mpaka uzimwe. Mkewe, Mama Émérence, alikuwa akilala kwenye mkeka na mgongo unamuuma. Alimpenda mumewe, na alimkasirikia kweli kweli. Mchana alimpelekea kazini bukari, ugali wa kwao, na samaki.

“Papa Lambert, batu banakulilia, weye unarudia ku kazi?”

“Miye nikibakia kule, mama, nani atapima dawa ya batoto?”

Émérence alimtazama Georges na karanga zake. Punda afe mzigo ufike, husema watu. Huyu alikwisha kufa na mzigo bado anao.

Émérence alikwenda kwa mkurugenzi wa hospitali, Bwana Osée. Mlangoni palikuwa na tangazo la kutafuta mfamasia, na kwenye benchi alikaa msichana aitwaye Jaël, aliyetoka Lubumbashi na diploma yake ya ufamasia.

“Muandike huyu mutoto,” alisema Émérence, “bwana yangu alale.”

“Lakini mama, nafasi haiko wazi. Mwenyewe iko ku kazi. Tena sasa hachoki.”

Akalibandua tangazo kwa upole, na Jaël akarudi Lubumbashi kwa basi la mchana.

Jioni Émérence alinunua kuni za usiku mwingine. Lambert aliporudi alimvua koti, akalifua, akalisugua vizuri kwenye kola, kisha akalitandaza karibu na moto wa kilio.

Kufikia asubuhi lilikuwa limekauka, tayari kwa kazi.