Bakuli la Maini

Mama Sungura alifika machinjioni wa tatu kwenye foleni, na kazi yake aliijua. Tangu jana jioni sungura wake kumi hawakutia kitu mdomoni ila maji, ili matumbo yasidanganye mizani. Umri wao ulikuwa majuma kumi na mawili, nyama imeshajaa mapajani, mafuta bado.

Sharti la kampuni iliyokuwa ikinunua sungura wake lilikuwa moja: nyama ifike nusu ya uzito wa sungura akiwa hai. Isipofika, kampuni inawachukua majike sita wa mbegu ambao ilimkopesha, na majike hao ndio waliokuwa wakiwasomesha binti zake wawili.

Mtaalamu wa kampuni, ambaye wafugaji walimwita Bwana Chati, alimning'iniza sungura wa kwanza kwa masikio.

"Mwanangu, mshike ngozi ya shingo, mtegemeze makalio," Mama Sungura akamwambia.

"Mama, haya mambo nimeyasomea."

Sungura akamkwaruza mkono mpaka akamwachia. Kweli, debe tupu haliachi kuvuma.

Wakiwa hai, wote kumi walikuwa kilo ishirini na nne. Baada ya kuchinjwa na kuchunwa, mizani ilisoma kumi na moja na robo. Bwana Chati akageukia chati yake ukutani, akaanza kuhubiri kwa fimbo.

"Kinachopunguza nyama ni mbegu, umri, chakula na joto la banda. Wewe umekosea wapi?"

Mbegu ni yao. Chakula anauziwa na wao. Banda alilijenga kwa mchoro wao. Lakini mwenye kosa ni yeye. Mama Sungura aliwadharau wote, kuanzia chati mpaka viatu vyeupe vya mwenye chati.

Chini ya meza aliona bakuli limejaa maini na figo.

"Kaka, hili la nani?" akamuuliza mchinjaji.

Mchinjaji akaendelea kunoa kisu. "La meneja, dada. Kila siku."

"Mkataba unasema maini na figo ni nyama. Yapime."

Mchinjaji akayamimina juu ya mizani kabla hajakatazwa. Pamoja na nyama, ikasoma kumi na mbili na ushei. Nusu imefika na kuvuka.

Bwana Chati akayarudisha bakulini haraka. "Huo mkataba ni wa zamani. Siku hizi maini ni taka za machinjio."

"Taka?"

"Taka. Majike tutawafuata kesho."

Akaandika, akapiga muhuri. Mama Sungura akashika ukingo wa meza. Foleni nzima nyuma yake ilikuwa inamtazama, kila mmoja na kizimba chake. Kisha akainama, akamimina maini yote kwenye mfuko wake, akaufunga fundo.

"Unafanya nini?" Bwana Chati akauliza.

"Nakusaidieni kutupa taka."

Mchinjaji akacheka, na foleni ikacheka naye. Mama Sungura alikuwa ameshafika langoni meneja alipochungulia kutoka ofisini, akauliza mbona leo bakuli lake linachelewa. Bwana Chati, bingwa wa sababu zote, akakosa hata moja.